Ombi la Kurudishiwa Bibi, Namba 42b

Kwako Mheshimiwa Msimamizi,
Makumbusho ya Mtaa wa Kale wa Bandarini.

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na paa la jengo lako, maana Jumamosi iliyopita lilikuwa linavuja pale kwenye chumba cha nanga. Mimi ni yule mwanafunzi mwembamba aliyesimama nyuma ya mlango. Inawezekana hukuniona, nilikuwa najitahidi usinione. Nyumbani wananiita Kobe, kwa sababu mgeni akibisha hodi tu, kichwa changu huwa kimeshaingia ndani. Nakuandikia kwa kuwa kwa mdomo nisingeweza. Hii ni rasimu ya sita.

Nalalamika kwamba makumbusho yako yamemchukua bibi yangu. Ninamtaka.

1. Kuhusu kibao. Mara ya kwanza tulikuja watatu: Bibi, mama yangu ambaye ni fundi cherehani, na mimi. Ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama gati, mna kitanda kilichozungushiwa kamba nyekundu. Kibao chake kinasema: "Namba 42. Kitanda cha tajiri wa meli. Mbao adimu." Bibi haoni maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kitanda kile, Mheshimiwa, alikiunda babu yangu, mchukuzi wa mizigo pale gatini, kwa mbao za masanduku ya chai. Chumba walikuwa wamepanga, na kitandani walilala watu saba. Walipohama kiligoma kupita mlangoni, maana Babu alikuwa amekiundia humo humo ndani, wakakiacha. Mguu wa nyuma wa kushoto ni wa meza, tena ni mfupi. Mlinzi wako aliinama kuhakikisha. Aliinuka, akajipangusa magoti.

2. Kuhusu kamba. Bibi ana miaka themanini na moja, na ngazi zako ni thelathini na mbili. Mama alipoteremka kumtafutia maji, Bibi alivua viatu, akavuka kamba, akajinyoosha kitandani. Alisema ni kidogo tu. Usingizi ukampitia.

Hapa sina budi kumsifu mlinzi wako, na ndiyo maana ninamlalamikia. Kanuni yenu inasema kilichomo ndani ya kamba hakiguswi wala hakisogezwi bila barua ya Msimamizi. Wewe ulikuwa mkutanoni mpaka saa saba. Mama aliporudi na maji akataka kumwamsha mama yake, alizuiwa kwa adabu kubwa.

"Nakuelewa, mama yangu," alisema mlinzi. "Ila yumo ndani ya kamba."

Mama akauliza alimwachaje aingie. Mlinzi akajibu kwamba kanuni inazungumzia kutoa, kuingiza haikutajwa. Ilipotimia saa sita, saa ya kukagua vitu, akahesabu, akakuta kimoja kimezidi. Daftari halikubali kitu kisicho na namba. Nilimwona kwa macho yangu akiandika: "42b. Bibi, mmoja. Hali nzuri. Anakoroma."

3. Kuhusu mdomo wangu. Likaingia kundi la wageni, watu wazima wenye kofia, wanaongea lugha ile ninayosomea shuleni. Mmoja akauliza kama na huyu ni wa enzi zile. Mama hajui lugha hiyo, mlinzi anajua salamu tu, nami nilikuwa nyuma ya mlango.

Naomba nikiri jambo. Mwaka jana nilipoambiwa nisome shairi mbele ya darasa, nilidai sauti imenikauka, kisha nikatafuna malimau wiki nzima ili nisionekane mwongo. Meno bado yananiuma. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo. Bibi aliamka kwa zile kelele, akakaa, akafunga kilemba vizuri, akaanza kuwasimulia wageni kwa lugha ya nyumbani walivyokuwa wakilala saba, vichwa huku, miguu kule, na jinsi Babu alivyotoka kazini na ubao mmoja kila Ijumaa mpaka kitanda kikatimia. Wale watu wakatabasamu tu, kama mtu anayeimbiwa asichokijua. Bibi akanyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Kobe," alisema, "waambie."

Nikawaambia. Sauti ilianza kama ya mbu. Nilipofika kwenye mguu wa meza, wakacheka, nami nikajikuta nimesubiri wamalize kucheka ndipo niendelee. Sijawahi kufanyiwa kitu kama hicho.

Jioni Bibi alivuka kamba kwa miguu yake, maana kanuni haikutaja kitu kinachojisogeza chenyewe, lakini namba yake ilibaki daftarini. Tangu siku hiyo hii ni Jumamosi ya tatu tunarudi. Bibi huamka kabla ya jogoo, huvaa gauni la harusi za watu, nami humfuata kama mkia. Hakuna anayeingia chumbani kwake na viatu. Wiki iliyopita nilihesabu jozi ishirini na nane mlangoni, na bwana mmoja aliondoka na viatu viwili vya mguu wa kushoto, akatushukuru.

4. Bibi haoshi vikombe tena. Anasema vitu vya makumbusho haviloweshwi. Mjomba alipokuja kumjulia hali, aliulizwa tiketi.

5. Hoja yenyewe. Ikiwa Bibi ni mali yenu kwa kuwa alikutwa kitandani pale, basi mama yangu, aliyezaliwa juu ya kitanda hicho hicho, ni 42c. Mtoto wa 42c hawezi kuwa mtu wa kawaida. Mimi ni 42d. Nimezisoma kanuni zako pale getini mara mbili, na sijaona palipoandikwa kwamba kitu cha makumbusho kinalazimishwa kuongea. Kabati haliongei. Nanga imekaa pale miaka, inavujiwa, na haijaulizwa swali hata moja. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: umrudishe Bibi nyumbani kwa barua yenye muhuri, au unizungushie kamba na mimi, nikae kimya kwa mujibu wa kanuni.

Nisalimie mlinzi na magoti yake, mkata tiketi, na yule dada wa usafi anayetupangia viatu. Mama anakusalimu sana. Anasema pazia la chumba kile limeshonwa na mtu mwenye haraka, na yuko tayari kulifumua.

Ni mimi mlalamikaji, mwenye adabu zote,
Kobe
(huenda 42d)

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nina haki. "Basi tusiende tena, mjukuu wangu. Mimi nilidhani unapenda." Kisha akainuka, akaenda kuosha vikombe. Mheshimiwa, nimevisikiliza vile vikombe vikigongana mpaka nimeshindwa.

Naomba barua hii isishughulikiwe kabisa. Ikunje mara nne, uiweke chini ya ule mguu mfupi. Kamba usiiondoe, Bibi huishikilia anapoinuka. Nimeambatanisha kibao kipya nilichokiandika kwa lugha zote mbili. Jina la Babu nimeliweka juu, na mguu wa meza sikuutaja, maana huo nausimulia mwenyewe na sitaki wacheke kabla yangu.

Jumamosi tunafika saa tatu. Wageni wakiuliza ni nani anayeeleza, waelekeze kwa yule mwembamba aliyesimama mbele ya mlango.