Mnene wa Kwenye Kiti

Lifti ya jengo la ofisi ilipogoma, wengine walimlaani fundi. Mtaalamu alimshukuru Mungu. Alisimama kwenye ngazi, mikono nyuma kama mkaguzi, akawatazama makarani vijana wakipanda huku wakihema, wakishika ukuta, wakijifanya wamesimama kusoma simu. Hapo hapo akajua riziki yake iko ghorofa ya nne.

Utaalamu wake wa kupunguza unene aliusomea ukutani: aliwahi kusubiri zahanati kutwa nzima mbele ya bango la lishe. Alikuwa mwembamba, tena wembamba wa njaa, lakini nani angeuliza? Alichokosa ni mnene. Akamfuata binamu yake, mtoto wa shangazi, mpole mwenye mwili wa kujaza mlango.

"Kazi gani?" Binamu akauliza.

"Kukaa kwenye kiti."

"Hiyo naiweza."

Wakakodi chumba ghorofa ya nne. Binamu akiketi mbele ya wateja, Mtaalamu, ndani ya koti jeupe, humnyooshea kidole kwa huruma. "Mnamwona ndugu huyu? Mimi nilikuwa mara mbili yake. Unga huu ndio ulioniokoa." Unga wenyewe ulikuwa pumba zilizokaangwa na kutiwa limau. Bila mnene kitini, hakuna ambaye angeununua, na Mtaalamu alilijua hilo vizuri.

Ujanja hasa ulikuwa kwenye masharti, yote ya kwenye lile bango. Nusu ya sahani iwe mboga. Wali au ugali usizidi ngumi yako. Maharage au samaki, tunda badala ya keki, maji badala ya soda. Usijishindishe na njaa, tembea kila siku, lala vya kutosha. "Ukivunja sharti moja, unga unakufa," alisema kwa sauti ya msibani. Mteja akirudi kulalamika kwamba hajapungua, huulizwa jambo moja tu: "Soda hukugusa?" Naye huinamisha macho na kununua kopo jingine la unga.

Ili aonekane hana mchezo, Mtaalamu aliweka meza mlangoni, vishawishi vyote vikabidhiwe hapo. Zikaja chipsi, keki, soda baridi. Kutupa chakula ni dhambi, na Mtaalamu alikuwa mcha Mungu. Kila darasa likiisha alivila, kwa majonzi makubwa.

Binamu naye alipandisha madumu ya maji kwa ngazi, kisha akirudi kitini hana la kufanya ila kusikiliza. Akasikiliza mpaka yakamwingia.

"Mbona suruali inakupwaya?" Mtaalamu akamuuliza asubuhi moja.

"Nakula mboga, kaka."

"Nani kakutuma?"

"Si wewe? Kila siku unasema."

"Nawaambia wateja! Wewe ni mfanyakazi!" Akamsogezea sahani ya chipsi. "Kula, ndugu yangu. Fikiria kazi."

Binamu akairudisha sahani kwa heshima. "Siku hizi nikipanda ngazi sihemi. Sirudi nyuma."

Mtaalamu akaogopa kwelikweli. Akatoka kutafuta mnene mwingine, akazunguka mitaa akiambulia matusi, maana hakuna anayependa kusifiwa kwamba anaifaa kazi hiyo. Jioni akarudi, akipumzika kila ghorofa, vifungo vya shati vikimlilia tumboni.

Chumba kilikuwa kimejaa. Binamu amesimama mbele, ndani ya koti jeupe la Mtaalamu.

"Unga sikuwahi kuugusa, unanuka banda la kuku," alikuwa akiwaambia. "Nilifuata masharti tu. Nami nafundisha masharti, makopo hakuna."

"Mwongo huyo!" Mtaalamu akafoka kutoka mlangoni. "Mwenye kazi ni mi..." Pumzi zikamwishia. Akashika ukuta.

Watu wakageuka, wakamwangalia tumbo, kisha wakamwonea huruma. Binamu akamfuata, akamshika mkono taratibu, akamkalisha kwenye kiti.

"Msimcheke," akasema. "Mimi nilikuwa mara mbili yake."

Na safari hii ilikuwa kweli.

Karani wa mapokezi, msichana aliyekuwa mteja wa kwanza, akamletea maji, kisha akachomoa keki iliyochungulia mfukoni mwa Mtaalamu. "Pole, kaka. Mwanzo ndio mgumu." Akaenda kuitupa kwenye pipa. Mtaalamu akaitazama ikizama, na machozi ya kweli yakamtoka. Darasa zima likadhani ni toba, likampigia makofi.