Kwa Mama, Kupitia Elburgon

Jumatatu, 8 Aprili 1957. Gilgil.
Habari mbaya kutoka kwa dada yangu Chepkemoi. Mama ni mgonjwa sana huko nyumbani Turi, ananiulizia. Ningeomba ruhusa leo hii. Shida ni moja: Mama alishakufa. Nilimwua mwenyewe Desemba ili nipate likizo ya Krismasi. Bwana Mashavu, mzungu wangu, alivua kofia. Memsaab, mkewe, alilia. Sasa nitamfufuaje?

Lakini mjanja hakosi njia. Kesho tunasafiri hadi Kisumu na lori ambalo Bwana amelijengea nyumba ya mbao mgongoni: vitanda, jiko, hata mapazia! Barabara kuu haipiti Turi. Lakini dereva ni nani? Ni mimi, Kipketer.

Jumanne, 9 Aprili. Njoro.
Tulipofika Nakuru nilienda kuuliza hali ya barabara. Yaani nilikunywa chai. Nikarudi na uso mrefu, nikamwambia Bwana kwamba daraja la Rongai limebebwa na maji, afadhali tupite Njoro, Elburgon na Turi. Khisa, mpishi, akadakia kwamba malori yanayotoka Rongai yana vumbi tupu. Fitina! Nikamwambia aangalie sufuria zake. Bwana aliniamini mimi. Mama, nakuja.

Jumatano, 10 Aprili. Porini, Elburgon bado.
Mvua! Tope mpaka kwenye ekseli. Nilifunga minyororo kwenye magurudumu, ikakatika. Ile nyumba mgongoni inayumba kila kona. Mwishowe tukalala mtaroni, ubavu chini. Sufuria zote zilimwangukia Khisa. Hilo tu ndilo jema la leo.

Tuliazima maksai wa shamba jirani. Walivuta kwa nguvu zote. Bampa ikang'oka, wakaenda nayo. Bwana aliniuliza kama kweli Rongai kungekuwa kubaya kuliko hapa. Nikasema zaidi.

Alhamisi, 11 Aprili. Turi.
Nilidai naenda kutafuta trekta. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, kiatu kimoja kimebaki topeni. Nikakuta mlango umefungwa kwa kamba.

Jirani yetu, Mama Chepkurui, alinieleza. Jana Chepkemoi alimpeleka Mama hospitali ya Nakuru kwa lori la mbao. Walizunguka Molo wakashika barabara kuu, kwa sababu hakuna dereva mwenye akili anayepita Elburgon wakati wa mvua. Mwenye lori amerudi akasema safari yao ilikuwa nzuri. Vumbi tu.

Kumbe ningeshika njia ya kweli tungekutana uso kwa uso! Nilikaa kizingitini nikalia kama mtoto. Mama Chepkurui aliniletea mursik, maziwa yetu ya mgando.

Ijumaa, 12 Aprili. Nakuru.
Nimepata lifti kwa barabara kuu. Daraja la Rongai ni imara. Nimelipita nimefumba macho.

Nimechelewa. Chepkemoi alikuwa amekaa nje ya wodi, shuka ya Mama mapajani. Mama amefariki alfajiri. Chepkemoi anasema kila gari lililonguruma nje, Mama aliuliza kama ni mimi. Aliwaambia manesi kwamba mwanawe anaendesha nyumba nzima, wamwachie nafasi ya kuiegesha. Waliniruhusu kumwona. Mikono yake imekuwa midogo sana. Nimemwomba msamaha, lakini nilizungumza peke yangu.

Jumamosi, 13 Aprili. Nakuru.
Bwana amevutwa na trekta, amerudi hapa, mashavu mekundu. Khisa ameshamweleza habari za daraja. Nikaapa kwamba wamelijenga upya haraka. Ajabu, hakunifukuza kazi.

Kisha ruhusa ya mazishi. Ukweli ulinifika mpaka kwenye meno, nikaumeza. Mama wa mtu hafi mara mbili. Nikasema mjomba amefariki. Kofia ikavuliwa tena. Memsaab akanipa blanketi jipya la wafiwa.

Jumapili, 14 Aprili. Turi.
Tumemzika Mama nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha. Nimeumia. Sikujua mtu anaweza kuumia hivi na bado akasimama wima.

Mjomba alisimama kando yangu, amejifunika lile blanketi, nililomwambia ametumiwa na Bwana. Alitaka kujua Bwana wangu ni mtu wa namna gani, anayewakumbuka wazee asiowajua. Nikasema ana huruma sana. Mjomba akamwombea baraka, halafu akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua. Moyo ukaniruka. Nimemsihi sana ajitunze. Nimebaki na shangazi mmoja tu, na huyo nimemweka akiba kwa likizo ya Krismasi.