Mama wa Bwana Kirit

Jumatatu, 5 Juni 1995

Bahati imefika Nkoma ikiwa ndani ya lori! Bwana Kirit, mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza, amefungua kituo jirani na mashine ya kusaga. Zamani ushirika ulinunua peke yake. Sasa ni soko huria, kila mwenye mizani ni mfalme. Anatafuta wakala wa hapahapa kijijini. Mimi, Mhoja, nimezaliwa kuwa wakala. Tatizo ni shemeji Masele, kaka wa mke wangu. Naye anadai kazaliwa hivyohivyo. Tayari anaifuta mizani kwa shati lake. Kujipendekeza gani huku!

Nilijibanza nyuma ya lori. Bwana Kirit alikuwa anapiga kelele kwenye simu ya upepo, Kigujarati kitupu. Mara nikasikia: mama! Halafu kaka. Halafu dada! Mwili ukanisisimka. Kumbe Kigujarati ni Kiswahili kilichopotea njia!

Jumanne, 6 Juni

Nimemweleza Kwandu, mke wangu. Hakushtuka. Akasema sisi Wasukuma tunaishi na Waswahili nchi moja, na bado mama tunamwita mayu. Iweje Wahindi, waliovuka bahari, waseme mama? Akanishauri nimwulize Bwana Kirit. Kuuliza! Mwenye akili haulizi, hutega sikio.

Nikamwendea Bwana Kirit. Nikamwamkia, nikamwuliza kama Mama hajambo. Macho yakamtoka kwa furaha.

"Unajua Kigujarati, bwana?"

"Kidogo tu," nikasema. Unyenyekevu ni silaha.

Akanimiminikia. Mama anakuja Ijumaa. Mama ndiye mwenye mtaji. Mama ndiye atakayechagua wakala. Mama mgongo unamsumbua na anapenda heshima. Nikamwambia heshima aniachie mimi.

Jumatano, 7 Juni

Nimenunua doti ya kanga kali, nyekundu. Imeandikwa NANI KAMA MAMA. Kina mama wa kwaya wamekubali kupiga vigelegele. Mama mkwe, mayu Klementina, amekubali kulala na mgeni kitanda kimoja na kumkanda mgongo kwa maji ya moto. Anasema wajane wawili hawakosi maneno.

Masele alinijia amenuna. Kasikia najua Kigujarati. Akanitaka niseme kitu. Nikamwangalia kwa huruma nikasema, "Mama, kaka, dada." Akaenda zake. Amekwisha!

Ijumaa, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Gari likasimama. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikafungua mlango mimi mwenyewe, kanga mkononi, nimeinamisha kichwa. Nikaona viatu. Vikubwa. Nikapandisha macho taratibu. Suruali. Tumbo. Sharubu! Sharubu nene, nyeupe, zimechanwa vizuri.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mama mkwe akaja karibu, akamkagua mgeni juu mpaka chini.

"Mkwe, huyu ndiye wa kulala kwangu?"

Masele alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akicheka kama fisi. Bwana Kirit akanieleza pole pole, kama anayempa mgonjwa dawa. Kwao mama ni mjomba. Kaka ni baba mdogo. Dada ni babu. Dada ni babu! Watu wanaishije hivyo?

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mzee akanipokonya kanga. Akaisoma. Nani kama Mama. Akacheka mpaka akashika mgongo. Kumbe amewalea wapwa zake wote, baba zao walipofariki. Akasema hakuna hata mmoja aliyewahi kumwandikia neno hilo. Akajitanda kanga mabegani. Machozi yakamlenga. Hakuivua tena.

Mama mkwe akamkaribisha kiti. Akasema yeye haoni ajabu. Mtoto mchanga akifumbua mdomo na kuufumba, linatoka ma. Kila anayempakata anasema ameitwa yeye: huku mama, kule mjomba. Mtoto mwenyewe anataka maziwa tu.

Mzee akampigia makofi.

Nikawahi kutangaza kwamba nimechinja mbuzi. Mzee hali nyama. Tangu azaliwe! Nikataka kulia. Kwandu akaleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na kibuyu cha mtindi. Asubuhi alimwuliza dereva wa lori la Bwana Kirit mgeni anakula nini. Ndiyo hivyo tu, aliuliza. Mzee alikula akaongeza.

Jumamosi, 10 Juni

Wakala amechaguliwa. Kwandu. Mzee alisema anamtaka mtu anayeuliza kabla ya kupika. Masele kapewa mizani. Mimi nimepewa kukanyaga pamba ndani ya gunia mpaka ishindiliwe. Nimetumbukia humo kutwa, kichwa tu kinaonekana. Jioni Kwandu alinitoa manyoya ya pamba kwenye nywele na masikio, moja moja, akiimba. Nimetafakari. Wakala ni mke wangu, kwa hiyo wakala ni mimi. Nimeshinda!

Jumatano, 14 Juni

Tumepeleka pamba Bariadi mjini. Nikakutana na padre Mtaliano anayetafuta msimamizi wa visima. Kazi safi, ya kusimama kivulini! Mimi ni Mprotestanti, simjui vizuri, lakini nilitega sikio. Alikuwa anamweleza mtawa kwa huzuni kwamba tangu aje Tanzania hajamwona Papa. Na kila usiku anamwombea.

Anamwombea samaki! Mapenzi gani haya! Bahari iko mbali, maskini. Lakini Nassa, kule ziwani, kuna sangara wakubwa, na gizani nani atawatofautisha? Kwandu aliniona natabasamu akataka kujua kuna nini. Sikumwambia.

Nimeshampata mvuvi. Kesho padre anamwona Papa wake, mzima, na kichwa chake.