Chupa Tatu za Wiski na Jerikani Moja ya Petroli

Leo nimeanikwa kama ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Mchana kweupe, mbele ya wakwe, na kila aliyepita akanigeuza upande wa pili.

Ninyi wenzangu mlioko kambini ng'ambo ya ziwa, mmoja asome barua hii kwa sauti, wengine mshike midomo. Naiandika juu ya goti hapa ufukweni Lweba, nikingoja mtumbwi wa kurudi Baraka.

Habari ya Anjelani mnaijua. (Kama mmesahau, mimi sijasahau.) Juzi baba yake alinitumia neno: njoo na kinywaji, tuongee. Yaani posa! Barabara imefungwa na vita, kwa hiyo ni mtumbwi, asubuhi nzima ya kasia kando ya pori lisilo na hata moshi wa jiko. Lakini pori halinywi. Wanaokunywa ni askari wa bariyeri, kizuizi cha ukaguzi, pale ufukweni Baraka. Chupa haijawahi kupita pale salama.

Basi nikafunga mizigo kwa akili. Lotoko, ile kali yetu ya mahindi, lita ishirini, nikaitia katika jerikani. Ubavuni nikaandika kwa mkaa: PETROLI. Mfuniko nikaupaka petroli kidogo, unuke. Divai, chupa mbili halisi, nikazizika ndani ya gunia la unga wa muhogo. Halafu chambo: chupa tatu tupu za wiski nikazijaza chai ya rangi, nikaziba kwa nta ya mshumaa, nikaziweka juu kabisa ya mzigo. Askari achukue hizo, ajione mjanja, mimi nipite. Nikahesabu vyote. Nikahesabu tena. (Huwa nahesabu mara mbili. Leo ilitakiwa tatu.)

Alfajiri, bariyeri. Askari akainua chupa moja, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha.

"Komanda amekataza pombe. Askari mwenye kushikwa na chupa, fimbo. Na hii jerikani iko na nini?"

"Petroli, chef, mkubwa wangu."

"Petroli! Njo ile tunatafuta! Jenereta yetu inalala njaa siku ngapi sasa."

Nikaanza biashara.

"Chef, chukua wiski. Chukua zote tatu, hakuna atakayekuona. Uniachie tu petroli."

"Weye, muntu gani anapenda petroli kupita wiski?" Akamgeukia mwenzake. "Uyu iko muzima kweli?"

Ningesema nini? Kwamba ni lotoko? Kumdanganya askari ni fimbo, na lotoko ingebaki kwao vilevile. Jerikani yangu ikaondoka ikining'inia mkononi mwake, wala haikugeuka nyuma.

Ningelia, ila ndipo alipopanda mtumbwini abiria wa pili.

Shati jeupe lililopigwa pasi. Pasi! Vita hii, mkaa ulivyo adimu! Viatu mkononi, katoni begani. Nikachungulia katoni: divai, chupa sita. Nikahesabu tena. Bado sita. Na bariyeri alipita kwa karatasi ya padri iliyosema ni divai ya misa. (Kwa nini mimi sikumfikiria padri?)

"Unaenda wapi, ndugu?" nikamuuliza.

"Lweba. Kwa akina Anjelani."

"Anjelani gani?"

"Kwani kuko bangapi? Ule wa nyumba ya mabati, karibu na kanisa. Nasikia kuko muntu anataka kumuoa. Ajaribu! Pasipo miye kusema ndiyo, haolewe na muntu."

Wenzangu, wivu una joto. Mtumbwi unavuja, nilikuwa nimekaa ndani ya maji hadi vifundoni na bado nilitoka jasho. Nikamkagua yule mtu, nitafute kasoro nijifariji nayo. Meno, kamili. Mabega, kamili. Masikio hata, mazuri.

Nikamwambia mtumbwi huu una sheria yake: abiria mgeni ndiye anayechota maji. (Sheria hiyo niliitunga palepale.) Mwenye mtumbwi, ambaye siku zote huchota mwenyewe, alinitazama, akaona mapumziko, akatoa kopo. Shati Jeupe akapokea kopo, akachota. Asubuhi nzima! Bila kunung'unika, tena akiimba nyimbo za kanisa. Sauti pia alikuwa nayo.

Tukafika. Uani kwa Papa Anjelani, baba yake, kulikuwa na mkeka, bilauri, na wazee wawili walioitwa kushuhudia. Anjelani alikuwa mlangoni mwa jiko. Aliponiona mimi, akatabasamu. Alipomwona yule, alipiga kelele, akatupa mwiko, akakimbia na kumrukia shingoni. Mimi nikabaki na gunia langu kichwani kama nguzo isiyo na nyumba.

Shati Jeupe akapanga divai zake sita mkekani. Mimi nina mbili. Mbili kwa sita, mbele ya Anjelani! Hapo wivu ukashika mikono yangu: nikatoa divai zangu, zimepakaa unga kama waliofiwa wenye majivu, halafu nikatoa na zile wiski tatu. Nia yangu zikae tu, zipendeze. Nani angefungua wiski mchana, na divai ipo?

"Tuanze na hii kali," akasema Papa Anjelani.

Kwetu mwenye kuleta chupa ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wote, watu waone haina sumu. Vita imeongeza ukali: siku hizi anaonja bilauri nzima. Nikajimiminia. Nikanywa. Chai ya jana, baridi. Nikakunja uso, nikakohoa, nikajipiga kifua.

"Kali!" nikasema. Machozi yalinitoka. (Hayo yalikuwa ya kweli.)

Papa Anjelani akanywa. Akaitazama bilauri. Mzee mmoja akanywa, akamtazama Papa. Bilauri ikamfikia Shati Jeupe. Akanusa.

"Shemeji," akamwambia Papa Anjelani taratibu, "hii iko majani ya chai."

"Asante! Miye nilizani ulimi wangu njo umekufa."

"Na haina sukari," akaongeza mzee wa pili, ambaye alikuwa amemaliza yake.

Mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye lile neno, shemeji. Yaani ndugu wa mama yake Anjelani. Mjomba! Noko mwenyewe, aliyekimbilia Kalemie vita ilipoanza, ambaye sisi wa Baraka hatukuwahi kumwona sura. Na mnajua kwetu noko asiposema ndiyo, hata baba hathubutu kupokea kitu. Mtu huyo ndiye niliyemchotesha maji tangu alfajiri.

Nikajieleza. Bariyeri, jerikani, mkaa, mfuniko, vyote.

"Basoda ba bariyeri baache wiski, bachukue petroli?" Papa Anjelani akatikisa kichwa. "Mutoto, ata kudanganya haujue?"

Wazee wakaanza kukusanya bilauri. Anjelani hakuwa akitabasamu tena. Aliokota mwiko wake, akaingia jikoni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mungu anajua kupanga. Akaingia jirani, mama muuza samaki, ametoka Baraka na mtumbwi uliofuata wetu.

"Mama, habari ya Baraka?" Papa akamuuliza.

"Aa, papa! Pale bariyeri leo iko fête, sherehe kabisa! Basoda bote bamelewa, komanda njo anaimba kupita bote. Nimepita na mizigo yangu, hakuna ata mumoja ameniuliza. Banasema petroli ya leo iko tamu. Banatafuta mwenyewe, alete ingine!"

Noko akacheka, mpaka akashika shati lake lenye matope. Papa Anjelani akalala chali mkekani. Kutoka jikoni nikasikia mwiko ukianguka mara ya pili.

Noko akajifuta macho, akatoa hukumu: "Rudi, ulete jerikani ingine. Na mu mutumbwi, muchota maji ni weye, kwenda na kurudi. Kisha njo nitafikiri."

"Noko, tuseme kwenda tu?"

"Kwenda na kurudi. Na divai zako mbili zinabaki hapa."

Kwa hiyo nimekaa na kopo miguuni. Watoto wa Lweba tayari wananiita Papa Chai. Msicheke. Atakayecheka nitamjua, kambi yenyewe haina kuta.

Anjelani amenisindikiza hadi hapa. Ameleta chai ya moto katika chupa moja ya wiski, imeviringishwa kitambaa. Ameonja kwanza yeye, mbele ya macho yangu, kama desturi inavyotaka, halafu akanipa.

Ina sukari. Nimeonja mara mbili, kuhakikisha.