Baiskeli Isiyo na Breki

Mtelezo aliamini kwamba jasho ni la watu wasio na maneno. Yeye maneno alikuwa nayo ya kutosha, na ya akiba juu. Aliwahi kumuuzia kinyozi mafuta ya kuotesha nywele huku kipara chake mwenyewe kinang'aa, na kinyozi akamshukuru, akamwongezea na nauli. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mtelezo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya kliniki.

Mtu pekee ambaye maneno hayo hayakumwingia ni shangazi yake, mjane, mshonaji, mama wa miwani na maneno machache. Mtelezo alikuwa akiishi bure katika chumba cha uani kwa shangazi tangu siku aliyokuja kukaa wiki mbili, na wiki mbili hizo zilikuwa zimeshaota ndevu. Mwanzoni mwa mwezi shangazi alimwambia, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwamba yupo nesi anayekitaka chumba kile, tena mwenye vyombo vyake. Mwisho wa mwezi, ama Mtelezo alipe kodi ama ampishe nesi. Alisema mara moja tu, na hilo ndilo lililomtisha Mtelezo. Mtu anayefoka unaweza kumbembeleza, lakini shangazi hakufoka.

Siku chache baadaye akatumwa kupeleka mapazia kwenye ukumbi ulio kando ya uwanja wa zamani wa mbio za baiskeli. Mlinzi wa ukumbi alishangaa, akasema hapo hakuna aliyeagiza mapazia. Mtelezo hata hakumsikiliza, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshapita mlangoni na kuingia uwanjani.

Uwanjani walikutana wapenzi wa baiskeli za kale. Watu wazima, magari yao yameegeshwa nje, walikuwa wamepiga magoti juu ya leso wakizichungulia baiskeli kwa chini. Mmoja alisugua kengele kwa mswaki. Wawili walikuwa karibu kukosana kwa ajili ya fremu iliyochubuka: mmoja alitaka ipakwe rangi upya, mwenzake akamwambia kama ni hivyo akaanze kumpaka rangi bibi yake mzaa mama. Kabla hata hajatua mzigo begani, Mtelezo alikuwa amegundua kwamba watu hawa wana pesa, na kwamba wanapenda kutu. Na kutu mjini ilikuwa ya bure.

Aliyesikika kuliko wote ni mwenyekiti wao, daktari wa meno, mtu mnene wa tabasamu pana, maana ndilo lililomlisha. Alikuwa ameegemea baiskeli ya kijani ya mbio za barabarani, usukani wake umevishwa ngozi iliyoshonwa kwa mkono, msalaba baada ya msalaba, midogo kama punje za mtama. Hii, alisema, ilikuwa ya bingwa wa mji huu. Aliipata kwa mjane wiki moja baada ya maziko. Alimwambia yule mama kwamba ni chuma chakavu, akamwachia bei ya gunia la mkaa. Wenzake wakacheka.

Mtelezo hakucheka. Mjane huyo alikuwa shangazi yake, na baiskeli ile aliikumbuka tangu utotoni ikiwa imeegemea ukuta wa uani. Kitu kikamchoma kifuani, na tusimnyime haki yake, kilimchoma kweli. Lakini hakikukaa, kwa sababu daktari alikuwa anaendelea. Marehemu alikuwa na baiskeli nyingine, nyeusi, ya mbio za uwanjani, ndiyo aliyoshindia kombe. Mjane aliulizwa akasema hajui ilikokwenda. Kwa baiskeli ile, alisema daktari, yeye angetoa chochote.

Neno hilo la mwisho Mtelezo alilielewa kuliko maneno yote ya lugha. Akasogea, akaamkia, akajieleza kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani kwa marehemu, marehemu ndiye aliyemfundisha kuendesha, na ile nyeusi yeye ndiye anayelala nayo chumba kimoja.

"Mjane anajua?" daktari akauliza kwa sauti ndogo.

"Hajui, na asijue. Akijua ataanza kuuliza bei."

Mtu mwema angeaga hapo hapo. Daktari wa meno alimshika Mtelezo mkono na kumwuliza kama Jumamosi ana nafasi.

Sasa, baiskeli nyeusi yenyewe ilikuwepo. Ilikuwa stoo kwa shangazi, imefunikwa shuka, na ufunguo wa stoo shangazi aliuvaa shingoni mchana na usiku. Kila wiki aliingia humo peke yake na kitambaa, akaifuta, akatoka bila kusema kitu. Kuiiba ile hata Mtelezo hakuthubutu kuwaza. Alichowaza ni kuitengenezea pacha.

Akaitoa picha ya marehemu ukutani sebuleni, ile aliyokaa juu ya baiskeli nyeusi akiwa na kombe mkononi, akaipeleka kwa fundi baiskeli wa pale kona, mzee aliyewahi kumtengenezea marehemu. Alimwambia anataka kumfanyia shangazi ukumbusho. Fundi aliitazama picha kwa muda mrefu, akauliza kama shangazi ana habari. Mtelezo akasema hapana, ni zawadi ya ghafla. Fundi akasema haya.

Fremu ilipatikana kwa wauza vyuma chakavu. Ikapakwa nyeusi, ikakwaruzwa kwa funguo, ikapigwa siki na chumvi, ikalazwa mvuani mpaka ikapata uzee wa kuheshimika. Fundi alieleza kwamba ili ifanane na ya kwenye picha haitakuwa na breki, na gurudumu la nyuma litafungwa pamoja na pedali moja kwa moja. Mtelezo akafurahi, kwa kuwa breki nazo zinanunuliwa. Zaidi ya hapo hakuuliza. Mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa na meno ya utoto, na baiskeli hii kwake ilikuwa kitu cha kuuza tu.

Ikabaki ngozi ya usukani. Hapo hakukuwa na njia ya mkato, maana daktari angelinganisha mshono na ule wa baiskeli ya kijani, na mkono ulioshona ule ulikuwa mmoja tu duniani. Mtelezo akampelekea shangazi kipande cha ngozi, akasema kuna mzee anataka kuvisha fimbo yake.

Shangazi akaipima ngozi kwa vidole. "Fimbo gani hii, ndefu hivi, halafu imepinda?"

"Mzee mwenyewe mrefu, shangazi. Na yeye amepinda."

Shangazi alimtazama juu ya miwani, kisha akachukua sindano. Alishona msalaba baada ya msalaba, taratibu, na akiwa anashona akaimba kwa sauti ya chini wimbo ambao Mtelezo hakuwa ameusikia katika nyumba ile tangu msiba. Akadhani ni furaha ya kumpata nesi, na moyo ukamsononeka kidogo.

Jumamosi Mtelezo alifika uwanjani na suti nyeupe aliyoazimwa na dobi, kwa sharti kwamba irudi jioni ikiwa nyeupe vilevile. Wanachama wakaizunguka baiskeli nyeusi kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Daktari akaiweka pembeni ile picha ya marehemu, aliyoileta Mtelezo, akalinganisha. Akasogeza ile ya kijani, akatazama mshono na mshono, kisha akapapasa mfuko wa koti. Mtelezo naye akakolea. Kila mkwaruzo akauzalia historia yake: huu ni wa siku aliyoanguka kwenye kona, huu ni wa siku ya kombe, watu walipombeba yeye na baiskeli yake. Akaapa mbele ya wote kwamba hii ndiyo baiskeli ya nyumba ile, na kwamba nyumba ile haina nyingine.

Bahasha ya pesa ilikuwa imeshachungulia kwenye mfuko wa koti la daktari. Iliyobaki ni kutoka tu.

"Hebu zunguka raundi moja tuone kama fremu imenyooka," daktari akasema. "Si umefundishwa na bingwa mwenyewe?"

Kukataa kusingewezekana. Wanachama wawili wakampandisha, wakamfunga viatu kwenye pedali kwa mikanda kama ilivyo desturi ya baiskeli za uwanjani, wakamsukuma.

Mita za mwanzo zilikuwa tamu. Kisha Mtelezo akapumzisha miguu, na miguu ikakataa kupumzika. Pedali ziliendelea kuzunguka zenyewe, zikamnyanyua goti hili, zikamshusha lile. Akatafuta breki, vidole vikakuta mshono wa shangazi. Akajaribu kuzuia kwa nguvu, baiskeli ikamrusha kwenye tandiko na kumrudisha, na wanachama wakapiga makofi wakisema ana miguu ya marehemu. Akaona ni heri akanyage. Kwenye kona saruji ilikuwa imeinuka kama paa la nyumba, na kila alipopunguza mwendo alianza kuteleza kwenda chini, suti nyeupe ikitangulia.

Alipomaliza raundi ya kwanza alimwona shangazi.

Alikuwa amesimama kando ya daktari, amevaa gauni lake la harusini, mkoba mkononi. Mtelezo akapita akisikia maneno mawili tu, "mume wangu," na kona ikamchukua. Alipotokea tena, daktari alikuwa anafuta jasho, akieleza kwamba kijana mwenyewe amethibitisha mbele ya watu wote. Wanachama walimtazama mwenyekiti wao kwa namna asiyoipenda.

Shangazi akageuka, akangoja Mtelezo afike karibu. "Mwanangu, hii ni ile ya marehemu?"

"Ndiyo, shangazi, ila—"

Ila ikaishia kwenye kona. Mtelezo alikuwa na raundi nzima ya kufikiri, na kwa mara ya kwanza haikumsaidia. Akisema si ya marehemu, ametapeli, na kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Akisema ni ya marehemu, basi ni ya mjane, na bahasha ni ya mjane. Na yeye ndiye aliyeapa, tena kwa ufundi mkubwa, bila kuacha hata mwanya wa kupitisha mkono.

Akarudi. "Pesa sitaki," shangazi alikuwa anasema.

"Chukua pesa, shangazi," Mtelezo aliomba akipita, kwa sauti ya mtu anayezama.

Raundi iliyofuata alisikia, "Nipe ile ya kijani." Alimwona daktari akipiga hesabu usoni: kitu alichokipata kwa bei ya gunia la mkaa, dhidi ya baiskeli ya kombe, na bahasha inabaki mfukoni. Daktari alijitahidi sana kuhuzunika. Alisema ni hasara kubwa kwake, lakini kwa heshima ya mjane atakubali. Mtelezo alipopita tena, walikuwa wameshashikana mikono.

Hapo akaacha kupigana. Akageuza usukani kuelekea katikati ya uwanja, akatua kwenye nyasi kwa ubavu, miguu ikiwa bado imefungwa. Daktari wa meno alimkimbilia, akamfungua mikanda haraka haraka, akamsukuma pembeni, akaiinua baiskeli na kuikagua kama imeumia.

Shangazi na Mtelezo walirudi nyumbani kwa miguu. Shangazi aliisukuma baiskeli ya kijani kwa mkono mmoja, ameshika tandiko. Mtelezo alichechemea nyuma yake, suruali ya dobi ikiwa na rangi ya uwanja kuanzia kiunoni mpaka kisigino. Walipofika mwisho wa mtaa akamsogelea.

"Shangazi, ile uliyomwachia yule daktari..."

"Naijua. Ile fimbo ya mzee mrefu."

Wakavuka barabara. "Na fundi?"

"Alikuja kuniuliza jioni ile ile. Nikamwambia aitengeneze, ila asiweke breki."

"Kwa nini, shangazi? Ningekufa."

"Ukiwa na breki ungesimama," shangazi akasema. "Na wewe ukisimama unaongea."

Nyumbani alifungua stoo, akaondoa shuka, akaiegemeza ya kijani karibu na ile nyeusi ya kweli. Akachukua kitambaa akaifuta vumbi la daktari, usukani, tandiko, spoki moja baada ya nyingine. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Alimwambia Mtelezo kwamba siku ile alipoiuza alikuwa hana akili zake, alikuwa anaona kila kitu cha mumewe kimegeuka chakavu, na amejuta kila siku tangu hapo. Mtelezo alisimama mlangoni, akajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, jambo ambalo hakulizoea.

"Mwisho wa mwezi umefika," akasema hatimaye. "Nesi anahamia lini?"

Shangazi akafunga stoo, akaurudisha ufunguo shingoni. "Nesi gani?"

Mtelezo akafungua mdomo. Akamkumbuka nesi mwenye vyombo vyake, akayakumbuka mapazia yasiyoagizwa na mtu, na mlinzi wa ukumbi aliyejaribu kumwambia. Ndipo alipojua kipaji chake kilitoka upande gani wa ukoo. 

Shangazi alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Alimwambia chumba akae, ila suti ya watu irudi ikiwa nyeupe. Mtelezo akachukua ndoo na kipande cha sabuni, akaketi uani, akaanza kufua. Rangi ya nyasi haitoki kwa maneno. Alisugua mpaka jua likazama, na jasho likamtoka.