Vita vya Upawa na Kiota cha Povu

Njooni, enyi wenye masikio, nanyi mlioinamia masufuria punguzeni moto, niwasimulie vita vilivyopiganwa sebuleni kwangu baina ya fundi cherehani na upawa. Ewe ulimi wangu, usiyeshindwa na jirani yeyote, nisaidie nisitie chumvi, na nikitia, iwe ya kiasi. Haya sikuhadithiwa. Fundi huyo ni mume wangu, na mwenye upawa ndiye aliyenizaa.

Bwana huyu, Mshika Sindano, Mnyoosha Mikunjo, mpunguza viuno vya suruali za mtaa mzima, alikuwa na kiu moja iliyomnyima raha: kupata uzao wa samaki wapiganaji, wale wenye mapezi marefu kama shela, wanaofugwa kwenye tangi la kioo. Mayai yalipotagwa mara ya kwanza alimwacha jike humo humo, naye jike akayafanya kitafunio. Mara ya pili alitia maji mabichi ya bomba, yenye ile dawa ya kuua vijidudu, na jioni nilimkuta akifuta macho kwa kipande cha hariri ya mteja. Sikumcheka. Nilicheka kesho yake.

Safari hii alijihami kama jemadari. Maji aliyalaza kwenye ndoo wazi mpaka dawa ikaisha nguvu, akatia jani kavu la mti wa mkungu ili kuzuia ukungu, nayo yakageuka rangi ya chai. Jike alipokwisha kutaga alihamishiwa kwenye chupa ya mdomo mpana, na dume, ambaye katika ukoo wao ndiye mlezi, akabaki peke yake chini ya kiota alichokijenga kwa mate yake mwenyewe, povu jeupe linaloelea, mayai yamepachikwa ndani yake. Povu likivunjika, mayai huzama yakafa. Na yule jike alikuwa amekwisha kuzeeka. Hakukuwa na mara ya nne.

Ndipo akaja mama. Mama yangu, Mshinda Masizi, Adui wa Vumbi, alikuja kutujulia hali, na kabla hajavua viatu akaliona tangi: maji ya kahawia, jani bovu, povu juu. Alipita jikoni, akachukua upawa, akarudi. Mimi nilikuwa nakata vitunguu nikamwona, nikaendelea kukata, maana namjua mama yangu akishika upawa tangu nikiwa mtoto.

Kule kwenye cherehani shujaa akasikia mfuniko wa tangi ukifunuliwa. Akainuka kwa kishindo, futi ya kupimia ikipepea shingoni kama bendera ya jeshi, akaruka rundo la suruali, akafika upawa umekwisha kunyanyuliwa. Lakini angefanyaje? Mkono wa mkwe haushikwi. Basi akapiga magoti, akatandaza viganja vyake juu ya povu, akanena:

"Ewe mama uliyenipa mke, nguzo ya nyumba hii! Upawa wako uniangukie mimi, usiliangukie povu hili!"

"Hebu toa mikono, baba," mama akajibu. "Mimi nimeengua povu kwenye masufuria hata hujazaliwa. Mwanangu hatakaa na uchafu huu."

"Si uchafu, mama. Mna watoto humo."

Upawa ukasita. "Watoto? Na mama yao yuko wapi?"

"Yule pale kwenye chupa. Nimemtoa."

"Umemtenga mama na wanawe, ndani ya nyumba ya binti yangu?"

Hapo nikaona tumekwisha. Mume wangu alijaribu kurudi kwenye ile sauti yake ya hotuba, ikamkatalia.

"Angewala, mama," akasema taratibu. "Baba yao ndiye anayelea."

Mama akacheka kile kicheko chake cha puani. "Baba alee! Baba yake huyu," akaninyooshea upawa, "hakumbeba hata siku ana homa."

Basi likadondoka yai moja, dogo kama chembe ya chumvi. Lilishuka polepole kwenye yale maji ya kahawia, nasi watatu tukalitazama. Dume akageuka, akazama, akalidaka kwa mdomo, tukadhani amelimeza. La hasha! Alipanda nalo mpaka kwenye povu, akalitema mahali pake, akalikandamiza, akarudi kulinda. Likadondoka jingine, akalifuata vilevile.

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Anakula saa ngapi huyu?"

"Hali, mama, mpaka watoto waogelee wenyewe."

"Na kulala?"

"Sijamwona akilala."

Akaulaza upawa mapajani, akamtazama samaki yule kwa muda mrefu, na macho yake, nalisema hili mbele yenu nyote, yalilowa. Nami nilimpenda mama yangu saa ile kuliko siku nyingi.

Watoto walipoanguliwa, wakaning'inia chini ya povu kama vipande vya uzi, mama ndiye aliyekuwa mlinzi wa tangi. Jirani aliyekuja kuazima pasi aliishia mlangoni. Mimi nilikatazwa kukaanga. Naye shujaa wetu, alipothubutu kukanyaga cherehani, alisikia sauti ikinguruma kutoka kitini: "We baba, hebu acha kelele! Hujui kuna mzazi humu ndani?"

Enyi mtakaokuja baada yetu, ikumbukeni siku ile! Mshika Sindano alikusanya suruali zake akaenda kushonea kwa mkono ngazini, amefukuzwa sebuleni kwake mwenyewe na mkwewe, na nilipompelekea chai nilimkuta anaimba.