Taya Lililolia Mbele ya Wakwe

Jumanne, 4 Machi
Gego la mwisho limeng'oka! Lilijilaza ndani ya mfupa, ikabidi daktari wa meno auchonge. Kanionya: taya limebaki jembamba, nisitafune kitu kigumu kwa wiki kadhaa, hata nikijiona nimepona. Hasa nikijiona nimepona. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Ijumaa, 21 Machi
Keshokutwa wazazi wa mchumba wa binti yangu wanakuja kula mchana. Shemeji, kaka wa mke wangu, kajitolea kuwakaribisha yeye, ati mgonjwa apumzike. Mgonjwa! Huyu anataka kiti changu. Mpango: wote wataona kinywa changu ni kizima kuliko chake.

Jumapili, 23 Machi
Aibu. Aibu tupu! Mke wangu aliniwekea viazi vya kuponda. Nikavisukuma kando, nikachukua mfupa wa mbuzi, nikauma huku nimemkazia macho shemeji. Ka! Wageni wakadhani ni mfupa wa mbuzi uliovunjika. Hata mimi. Kisha meno yakakataa kukutana. Nikataka kusema karibuni, ikatoka "agibugi", na mate, na damu, juu ya kitambaa cheupe cha meza. Mama wa kijana akainuka na sahani yake. Binti yangu akafunika uso. Shemeji ndiye aliyenipeleka hospitali, kanishika mkono njia nzima. Hilo limeniuma kuliko taya.

Jumatatu, 24 Machi
Taya limevunjika palepale gego lilipotoka. Daktari hakunigombeza. Kaniuliza tu kama nilisahau onyo lake. Nikatazama viatu vyangu. Kayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Chakula kwa mrija.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimerudi kazini. Mteja mmoja kashukuru: hatimaye kapata kinyozi asiyeongea. Wenzake wakapiga makofi.

Jumamosi, 5 Aprili
Binti kaniletea supu. Wakwe watakuja tena, kasema, na hawakunicheka. "Baba, sikutaka uonyeshe chochote. Nilitaka ukae tu pale, nikuone." Machozi yakanitoka hadi kwenye mrija. Nikaapa moyoni: sishindani na mtu tena.

Jioni shemeji kapita na mfuko wa saruji begani. Kasema nisihangaike kumsaidia, mtu wa supu hawezi kubeba hata mto.

Naandika haya nimelala kifudifudi. Kiuno hakigeuki. Lakini mfuko ule niliufikisha mlangoni, na aliniona!